Kutoka Colito hadi Kihangaiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia ya mafunzo ya kuruta Tanzania

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, maswali kuhusu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ni yale yale: kambi gani, miezi mingapi, nikitoka napata ajira? Wachache huuliza yalikotoka mambo haya yote. Hapa nimejibu ya aina zote mbili, ila nakiri kwamba ya historia ndiyo yaliyonikalisha zaidi.

Kuruta ni nani hasa?

Ni mtu aliyekwisha kuacha uraia lakini hajafika kwenye uaskari. Amenyolewa, amepewa kombania, yaani kundi lake, na hanga la kulala, anaitikia "afande!" kwa sauti yote, lakini hajala kiapo. Atabaki kuruta mpaka siku ya kufunga mafunzo, atakapopita mbele ya mgeni rasmi kwa gwaride na kuapa. Kabla ya hapo, hata koplo mmoja tu kwake ni mtu mkubwa sana.

Neno lenyewe limetoka Ulaya likakaa vizuri mdomoni mwetu. "Afande" limetoka mbali zaidi. Asili yake ni Kituruki, *efendi*, yaani bwana mheshimiwa, nalo lilipita Misri na Sudan kabla ya kufika kwenye makambi ya Afrika Mashariki.

Enzi za mkoloni mafunzo yalikuwaje?

Wajerumani walianza na askari wa kukodi. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliwachukua Wasudani huko Cairo akawaleta pwani kuzima upinzani wa Abushiri. Baadaye wenyeji nao wakaandikwa. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa hapa waliingizwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambalo wazee huliita Keya. Kikosi cha Tanganyika kilikuwa cha 6.

Keya ilifundisha kwata (mazoezi ya gwaride), shabaha na utii, na kwa kazi hizo haikuwa shule mbaya. Vijana wetu walipigana Ethiopia, Madagascar na Burma, na sifa walizipata. Lakini kuruta hakufundishwa nchi yake ni ipi, kwa sababu waliokuwa wakimfundisha hawakutaka awe nayo. Aliapa kwa Mfalme. Kiswahili kilitumika, tena kile cha amri, cha mkato, ambacho watu walikitania kwa kukiita Ki-Keya.

Kwa nini simulizi zote huanzia Januari 1964?

Kwa sababu jeshi la kwanza la nchi hii lilivunjika mwezi huo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Keya ya Tanganyika ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles. Jina ndilo lililobadilika. Maofisa wakuu walibaki Waingereza, na kambi mbili kubwa ziliendelea kubeba majina ya vita vya watu wengine: Colito ya Dar es Salaam, kwa kumbukumbu ya mapigano ya Ethiopia mwaka 1941, na Kalewa ya Tabora, kwa kumbukumbu ya Burma. Kuruta aliyeingia mwaka 1962 alifundishwa karibu yale yale aliyofundishwa aliyeingia mwaka 1952.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mshahara uongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini, na Oscar Kambona, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya ulinzi, akaenda kuzungumza nao. Tabora nao wakafuata. Ndani ya wiki hiyo hiyo moto ukashika Jinja kule Uganda na Lanet kule Kenya. Tarehe 24 Januari Mwalimu Nyerere alilazimika kufanya jambo lililomuuma: kuwaita Waingereza. Kesho yake, tarehe 25, makomando wakashuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, na mambo yakaisha kwa saa chache.

Jeshi zima likavunjwa. Kwa miezi kadhaa ulinzi wa nchi ulisaidiwa na askari kutoka Nigeria.

Madai ya askari wale, ukiyasoma leo kwa utulivu, si ya kichaa. Mshahara ulikuwa mdogo kweli, na maofisa wa kigeni miaka miwili baada ya uhuru ni jambo ambalo hata ndani ya TANU, chama tawala, lilizua manung'uniko. Kosa lilikuwa kuyadai kwa bunduki. Kwa viongozi wa wakati ule, hilo lilionyesha kwamba askari anayejua kulenga tu, bila kujua anamlindia nani, ni hatari kwa anayemlipa. Ukilielewa hilo, utaelewa kila kilichofanyika baadaye katika kambi za makuruta.

Jeshi jipya lilipata wapi makuruta wake wa kwanza?

Siku ile ile waasi walipozimwa, Mwalimu aliwataka vijana wa TANU Youth League waende kwenye ofisi za chama zilizo karibu nao wakajiandikishe. Kutoka hapo, na kutoka kwa vijana waliokuwa tayari kwenye kambi za JKT, ndipo lilipoundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, tarehe 1 Septemba 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, ofisa kijana aliyesomea Sandhurst, aliyeshika wadhifa huo hadi 1974.

Angalia tena majina ya kambi. Colito ikawa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kambi ya Tabora ikaja kuitwa Milambo, kwa jina la mtemi Mirambo wa Wanyamwezi. Kuruta akiuliza maana ya jina la kambi yake, sasa anajibiwa kwa historia ya babu zake. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko somo zima la uraia.

JKT na JWTZ ni kitu kimoja?

Leo JKT ni sehemu ya JWTZ. Lakini kwa umri JKT ndiyo kaka, na hapa wengi huteleza.

Wazo la Jeshi la Kujenga Taifa lilitoka kwa vijana wa TANU, kwenye mkutano wao uliofanyika Tabora mwezi Agosti 1962, wakati katibu wao akiwa Joseph Nyerere, mdogo wake Mwalimu. Baraza la Mawaziri liliridhia tarehe 19 Aprili 1963, na tarehe 10 Julai 1963 JKT ikaanza. Ndiyo sababu kila Julai husikii habari nyingine Dodoma isipokuwa maadhimisho. Kambi ya kwanza ilikuwa Mgulani, Dar es Salaam, kisha zikafuata Ruvu na nyinginezo.

Kwa ufupi, maasi ya 1964 yalipotokea, tayari kulikuwa na vijana waliokuwa wakifundishwa kwa mtindo mwingine: asubuhi mchakamchaka na kwata, mchana jembe, jioni siasa na nyimbo. Serikali haikuhitaji kubuni upya. Iliuchukua mtindo huo ikaupeleka jeshini.

Nani aliwafundisha wakufunzi wenyewe?

Kila aliyekuwa tayari, ilimradi asiwe mmoja peke yake. JKT katika siku zake za mwanzo ilipata washauri kutoka Israel, waliokuwa na uzoefu wa vijana wanaolima huku wakilinda mipaka. Wakufunzi wa Kichina waliingia mwaka 1964. Kanada ilileta wanajeshi wake kuanzia 1965 hadi 1970. Wakanada wa NATO na Wachina wa Mao katika jeshi moja, tena wakati wa Vita Baridi! Mabalozi wa Magharibi walikereka, lakini huo ndio ulikuwa msimamo wa kutofungamana na upande wowote, umevaa magwanda.

Ni kweli wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuikataa JKT?

Ni kweli, na ni moja ya siku zinazozungumzwa sana katika historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Mwanzoni JKT ilikuwa ya kujitolea, na waliojitolea wengi walikuwa watoto wa wakulima walioishia darasa la chini. Wasomi hawakuonekana. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita wataingia kwa mujibu wa sheria kwa miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo ni kambini. Kisha, kwa miezi 18, wangekwenda kwenye kazi zao wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Baadhi ya mabango yalidai kwamba afadhali ukoloni. Walisoma tamko lao mbele ya Rais, na kiini chake kilikuwa kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zitabaki nje.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. Aliwaambia kwamba hatamlazimisha mtu kwenda, lakini pia hatamlazimisha kubaki chuoni. Karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamegusa donda la kweli: kwamba viongozi wanaowahubiria kujitolea wanaishi vizuri. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa chuoni baadaye. Miezi mitatu na kitu baada ya siku ile likaja Azimio la Arusha.

Kila upande ulikuwa na hoja. Kumkata kijana anayeanza maisha asilimia 60 ya mshahara si jambo dogo. Lakini mkulima aliyelipa kodi ili kijana huyo asome bure hakuwa na bango la kubeba wala joho la kuvaa.

Jembe lina uhusiano gani na bunduki?

Swali hili huulizwa na waliopita wenyewe, wakikumbuka fatiki za kulima ekari zisizoisha. Jibu la wakati ule lilikuwa na pande mbili. Kwanza, kambi ilipaswa kujilisha, maana nchi haikuwa na fedha. Pili, na hili ndilo lililokusudiwa hasa, mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi wakilima tuta moja kwa miezi kadhaa hawawezi tena kutazamana kama wageni. Kama ilifanikiwa? Zungumza na mtu yeyote aliyepita miaka ya 1970 au 1980, halafu uhesabu dakika kabla hajataja jina la rafiki aliyempata kambini, wa kabila ambalo hakuwahi kukutana nalo.

Upande wa uzalishaji ulikua mpaka ukahitaji shirika lake, SUMAJKT, mwaka 1981. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi ya tanzanaiti Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, ni kazi ya mikono hiyo hiyo.

Kongwa na Nachingwea zilikuwa kambi za makuruta wetu?

Hapa watu huchanganya. Kongwa, pamoja na kambi ya wapiganaji ya Nachingwea, zilikuwa za wapigania uhuru waliopewa hifadhi na Tanzania. Kongwa walikuwepo FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Nachingwea ilikuwa ya FRELIMO, na Samora Machel aliongoza mafunzo huko. Makuruta wale walikuwa wa nchi ambazo bado hazijazaliwa.

Kinachochekesha ni kwamba sehemu zote mbili zilikuwa mashamba ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuporomoka ndani ya miaka michache. Ardhi iliyokataa kuwatolea mkoloni karanga ikaja kutoa wapiganaji. Nachingwea kuna pia kikosi cha JKT hadi leo, 843 KJ, na nadhani hicho ndicho chanzo cha mkanganyiko.

Namba kama 832 KJ zina maana gani?

KJ ni Kikosi cha Jeshi. Mgulani ni 831, Ruvu 832, Oljoro 833, Makutupora 834, Mgambo 835, Mafinga 841, Bulombora 821. Mzazi, namba hizi zishike, kwa sababu ndizo utakazoziona kwenye orodha ya wito.

Vita vya Kagera vilibadilisha nini?

Vilipima kila kitu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania ilikuwa na wanajeshi wasiofika 40,000. Ndani ya miezi michache idadi ilivuka 100,000 kwa kuita mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Haiwezekani kufanya hivyo kama watu wanaanza kujifunza kushika silaha siku ya vita. Walioitwa walikwisha kuwa makuruta mahali fulani: walijua kupanga mstari, kuchimba handaki, kulala na njaa na kutii amri. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979.

Gharama ya vita hivyo nayo ilikuja kudai haki yake kwenye uchumi, na makambi hayakusalimika.

Kwa nini JKT ilisitishwa mwaka 1994, na ikarudi lini?

Ukata. Serikali haikumudu tena kulisha na kuvisha maelfu ya vijana kila mwaka, na mafunzo yakasitishwa. Ya kujitolea yalianza tena mwaka 2001, na ya mujibu wa sheria mwaka 2013, safari hii kwa miezi mitatu. Ili kuonyesha mfano, baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini mwaka huo, wa chama tawala na wa upinzani, wote wakiwa na bukta na ratiba moja.

Pengo lile la takribani miaka 20 linaonekana hadi leo. Kuna kizazi kizima cha wasomi, waliomaliza shule kati ya 1994 na 2012, ambacho hakikupita. Ukikaa nao pamoja na waliowatangulia, watani husema hao ndio wasiojua kutandika kitanda.

Watu wakiulizana "wewe operesheni gani?" wanamaanisha nini?

Kila mkupuo wa makuruta hupewa jina la operesheni, mara nyingi kwa tukio au kiongozi wa wakati huo: Operesheni Miaka 50 ya Muungano, Operesheni Kikwete, Operesheni Miaka 60 ya JKT. Ni kama rika la jando. Mkiwa operesheni moja, hata kama mlikuwa kambi tofauti, tayari mna la kuzungumza.

RTS Kihangaiko ni nini, na inatofautianaje na kambi ya JKT?

Kihangaiko iko Msata, mkoani Pwani, na ni shule ya mafunzo ya awali ya JWTZ yenyewe. Kijana wa JKT anafundishwa uzalendo, ulinzi na stadi za maisha, na wengi hurudi uraiani. Anayefika Kihangaiko ameshachaguliwa kuingia jeshini. Akimaliza anaapishwa kuwa askari na kupangiwa kikosi. Maofisa wana njia yao, ile ya Monduli mkoani Arusha.

Kwa kawaida anayefika Kihangaiko ameshapita JKT kwa kujitolea. Maana yake anakuwa kuruta mara mbili. Waliopita wanasema mara ya pili mwili umezoea lakini akili inajua kinachokuja, na hilo ndilo baya zaidi.

Siku ya kuruta inakwendaje?

Hujaamka vizuri, filimbi. Mchakamchaka kabla ya jua, usafi wa mazingira, chai, kisha uwanja wa kwata: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, mpaka mwili ujibu kabla ya kichwa. Amri ni za Kiswahili, jambo ambalo kwa majirani zetu wengi si la kawaida. Baadaye madarasa ya silaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, uraia. Shabaha huja mwishoni. Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Baada ya hapo kijana huanza kuulalamikia ugali badala ya kuilalamikia kambi, na wakufunzi hujua kwamba huyo amekwisha kuzoea.

Kuruta wa leo anafundishwa siasa za chama?

Hapana. Wakati wa chama kimoja ilikuwa wazi: askari alikuwa mwanachama, na chama kilikuwa na matawi yake kambini. Hiyo ilikuwa sehemu ya jibu la 1964. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mlango huo ulifungwa, na Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Anaweza kupiga kura, basi. Wakufunzi wakabaki na kazi ngumu kuliko ya mwanzo: kufundisha kuipenda nchi bila kutaja kadi.

Wasichana na wenye ulemavu je?

Mujibu wa sheria haubagui jinsia. Wasichana hupangiwa kambi kama wavulana, wakilala mahanga yao. Wenye ulemavu wa kuonekana huelekezwa Ruvu, Mlandizi, ambako kuna miundombinu inayowafaa.

Nibebe nini?

Soma tangazo la mwaka wako. Lakini orodha haibadiliki sana: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, nguo ya baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, vyeti, nauli ya kwenda na kurudi. Bukta fupi huwa inarudishwa getini, usijaribu.

Nikimaliza napewa ajira?

JKT yenyewe husema kila mwaka kwamba haitoi ajira wala haiahidi. Vyombo vya ulinzi huchukua baadhi kutoka humo, na ndiyo maana vijana hujitolea miaka miwili wakiwa na matumaini mfukoni. Mwaka 2021 matumaini hayo yalizua mgogoro: vijana zaidi ya 800 waliondolewa makambini baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira walizoamini wameahidiwa. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Kwa hiyo ukienda, nenda ukijua kwamba cheti utakachorudi nacho ni cha mafunzo, na barua ya kazi, kama itakuja, itakuja kwa mlango mwingine.